Bonyeza Pumzisha Kwanza

Mzee wa kitanda cha tano alikuwa amekufa, vidole vimeshapoa, lakini kwenye skrini ya meza ya sista moyo wake ulikuwa bado unapiga mara sabini na mbili kwa dakika.

Aliyegundua ni mwanawe. Alikuja na chupa ya chai wakati wa kuona wagonjwa, akavuta pazia, akamshika baba yake mkono, kisha akauachia. Kando ya kitanda mashine ndogo ilikuwa inamulika taa nyekundu bila sauti. Katika wodi ile mashine za vitandani zilinyamazishwa makusudi ili wagonjwa walale, na kengele zote zilipaswa kulia mezani kwa sista. Mezani hapakulia kitu. Sista mwenyewe alikuwa kitanda cha kwanza, anafunga kidonda.

"Baba yangu amekufa na wewe unacheza na bandeji!" mwana alipiga ukelele.

Sista aliinua macho akatazama skrini, maana ndivyo alivyofundishwa. Sabini na mbili. Akatupa bandeji, akakimbia, akaanza kumkandamiza mzee kifuani mpaka jasho likamtoka. Kazi bure. Wakati yeye anahangaika, mwana alitoa simu akaipiga picha ile skrini. Alikuwa na hasira, na alitaka ushahidi wa kumfunga mtu.

Muda si mrefu akafika fundi wa kompyuta za wodi. Kompyuta ya mezani ilikuwa imeganda, kipanya hakisogei, akaizima na kuiwasha upya. Ilipoamka akafungua kumbukumbu zake na kumwonyesha daktari wa zamu mstari mmoja: saa kumi na nusu jioni, kengele ya kitanda cha tano imezimwa kutoka mezani. Mezani alikuwapo sista peke yake. Basi, kesi ikawa imekwisha kabla haijaanza.

Ilikuwa Jumanne. Kufikia Alhamisi sista alikuwa amesimamishwa kazi, na faili limefika kwa Inspekta, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, ambaye kituoni walimwita Bi Kwanini. Hawakumwita hivyo kwa kumsifu.

"Hili halina la kukuchelewesha," mkuu wa kituo alimwambia. "Kazima kengele ili apumzishe masikio, mzee kafa. Jumatatu lipande mahakamani, afungwe, tuendelee na mengine."

"Muuguzi wa miaka ishirini azime kengele ya mgonjwa wa moyo. Kwa nini?"

"Umeshaanza."

"Sijaanza bado, mkuu. Nikianza utajua."

Akachukua faili, akamchukua na koplo wake, wakaenda nyumbani kwa sista.

Ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu, safi, pazia limefuliwa juzi. Mume, fundi seremala, aliwakaribisha kisha akakaa pembeni, mikono mapajani. Sista alikuwa amevimba macho.

"Ulizima kengele?" Inspekta aliuliza.

"Sikuizima."

"Mashine inasema uliizima."

"Basi mashine ije iape mbele yangu."

Koplo alitaka kucheka akajizuia.

"Hebu nieleze ulipokuwa."

"Kitanda cha kwanza. Tulipaswa kuwa wauguzi wawili, mwenzangu alikuwa mgonjwa. Kila nikiinua macho naona sabini na mbili. Sabini na mbili, afande! Nani ataacha kidonda wazi amkimbilie mtu mwenye sabini na mbili?"

"Wodini mlikuwa na wagonjwa wangapi?"

"Vitanda sita, vyote vina watu. Yaani jioni ile walibaki watano, wa kitanda cha pili alikuwa amepelekwa eksirei."

Ufunguo ukazungushwa mlangoni, akaingia kijana wa miaka thelathini na kitu na mfuko wa matunda, bila hodi, kama mtu anayeingia kwake. Inspekta alimtambua kutoka kwenye faili. Ndiye fundi aliyewasha upya kompyuta ya wodi.

"Huyu ni shemeji yangu," sista alisema, na uso wake ukapata nafuu kidogo. "Mdogo wa mume wangu. Mama yao alifariki huyu akiwa na miaka saba, mimi bibi arusi wa mwezi mmoja. Nimemwogesha mimi huyu. Leo anaandika programu za kompyuta, mtaa mzima unamwita Profesa."

Profesa aliweka matunda mezani, akatoa leso mfukoni akampa shemejiye. Akakaa karibu naye.

"Inspekta, amechoka," alisema kwa upole. "Nilipoona ule mstari niliumia, lakini ningefanyaje, daktari alikuwa amesimama pale. Rekodi ni rekodi. Ila mtu aliyechoka anaweza kubonyeza kitu bila kujijua. Andika hivyo, uchovu. Hakimu atampunguzia."

Sista alimtazama, leso mdomoni. "Shemeji, kumbe labda nilibonyeza kweli?"

"Labda, shemeji. Usijilaumu."

Inspekta hakuandika neno. Alimtazama mwanamke yule anaanza kujitilia shaka, na jambo hilo lilimkera kuliko kilio chote alichokisikia siku ile.

Kesho yake alimfuata mwana wa marehemu kwenye karakana yake ya pikipiki. Wauguzi walisema alikuwa amegombana na baba yake wodini siku moja kabla ya kifo, mpaka wakamtoa nje.

"Tuligombana, ndiyo," alisema, anajifuta grisi. "Alitaka kuuza nyumba, mimi nikakataa. Sasa ndiyo nimuue kwa chupa ya chai? Na hiyo chai hata hakuinywa." Aligeukia pikipiki. "Maneno yangu ya mwisho kwake yalikuwa makali. Hayo nitakufa nayo. Lakini yule sista nataka nimwone ndani. Tazama mwenyewe."

Akampa simu. Picha ilipigwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Ilionyesha skrini ya mezani ilivyo siku zote: namba tu, moja kwa kila kitanda, zote za kijani. Themanini na tatu, tisini na moja, sabini, sitini na nane, sabini na mbili, themanini.

"Umeona?" mwana alisema. "Ameizima kengele, na namba nayo ikasimama."

Inspekta alirudisha simu, akaaga, akafika mpaka kwenye gari. Alishika kitasa cha mlango akasimama.

"Koplo. Ulihesabu zile namba?"

"Sita, afande."

"Na watu wodini?"

Koplo akafumba jicho moja, kama kawaida yake akifikiri. "Watano. Wa kitanda cha pili yuko... Ala!"

"Kitanda kitupu kina moyo wa tisini na moja. Twende eksirei."

Picha ya mifupa ya mgonjwa wa kitanda cha pili ilikuwa na saa yake pembeni: saa kumi na dakika ishirini. Kwa hiyo wakati huo mtu yule hakuwa tena kwenye waya wa wodi. Na bado nusu saa baadaye skrini ilionyesha moyo wake. Kompyuta ya mezani haikuwa imeganda baada ya kelele za mwana, la, iliganda tangu kabla ya saa kumi na dakika ishirini na kubaki na picha ya mwisho kama mtu aliyekufa macho wazi. Sasa kompyuta iliyokufa ilipokeaje amri ya kuzima kengele saa kumi na nusu?

"Kuna mtu aliuandika ule mstari kwa mkono wake," koplo alisema.

"Tusikimbie. Kwanza nataka kujua iliganda kwa nini. Nani alimsukuma mgonjwa kwenda eksirei?"

Msukuma vitanda alikuwa hajaonekana kazini tangu Jumanne. Walimkuta katika chumba chake cha kupanga, amejifungia kwa komeo mchana kweupe. Alikuwa mtu mzima, mpya kazini, nywele zimeanza kuwa na mvi. Alifungua mlango akanyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nifungeni. Mzee yule nimemuua mimi."

"Umemuua vipi?" Inspekta aliuliza.

"Nilichomoa waya wa kitanda cha pili pale mezani bila kubonyeza Pumzisha."

Inspekta aliingia, akakaa kitandani bila kualikwa, akamwashiria naye akae. "Pumzisha ni nini, kaka yangu?"

"Ni kitufe. Pale mezani nyuma ya kompyuta kuna matundu sita, kila kitanda na waya wake. Ukitaka kumtoa mgonjwa, unabonyeza Pumzisha ya kitanda chake, unangoja kidogo, ndipo unachomoa. Wauguzi wote wanasema usisahau, usisahau. Siku ile eksirei walikuwa wananipigia kelele, nachelewa nini. Nikachomoa tu."

"Kwa nini mnabonyeza?"

"Sijui. Tunaambiwa tu."

"Na nani?"

"Wauguzi. Na wao waliambiwa na yule kijana wa kompyuta, alipokuja kuifunga mashine."

Koplo na Inspekta walitazamana.

"Hukumuua mtu," Inspekta alimwambia. "Fungua dirisha, kula, kisha kesho uende kazini."

Yule mtu alijifunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti.

Mhandisi mkuu wa ofisi iliyotengeneza programu ile, alikofanya kazi Profesa, alikuwa mama mrefu asiyependa kupotezewa muda. Kwanza aliwaka.

"Pumzisha ni ya kuzuia kengele mgonjwa anapogeuzwa au kuogeshwa. Haihusiani kabisa na kuchomoa waya. Waya unachomolewa wakati wowote. Programu niliyoichora mimi haina masharti ya mganga."

"Basi nieleze kwa nini wodi nzima inafuata sharti hilo. Na unieleze kama unamweleza bibi yako."

Mhandisi alivuta pumzi. "Sawa. Ile kadi yenye matundu sita inaendeshwa na programu ndogo, tunaiita draiva. Ndani yake kazi nyingi zinakwenda kwa pamoja: huyu anapokea habari za vitanda, yule anazipanga kwenye foleni. Wote wakigusa foleni kwa mpigo, wanaivuruga. Kwa hiyo tumeweka kufuli. Unaishika, unafanya kazi yako, unaiachia. Mwingine anangoja."

"Kama choo cha nyumba ya kupanga."

"Hasa! Sasa sheria yangu ya kwanza hapa ofisini: usiwaite wa juu ukiwa umeshika kufuli. Waya ukichomoka, draiva inaipa habari mfumo mkuu wa kompyuta. Mfumo utajibu papo hapo, 'Basi nirudishie yaliyobaki kwenye foleni.' Na huwezi kugusa foleni bila kufuli. Kama wewe mwenyewe umeishika..."

"Nimejifungia chooni, napiga simu niletewe maji, na wa kuyaleta ni mimi mwenyewe."

"Utangoja mpaka mtu akate umeme," mhandisi alisema. Alikuwa amekwisha kugeukia kompyuta yake, anatafuta. "Lakini mimi niliandika iachiwe kwanza. Kufuli inaachiwa, wa juu wanaambiwa, kisha inashikwa tena. Iko hapa..."

Akasoma mistari ile. Akarudi juu, akashuka tena. Hasira yote ikamtoka usoni.

"Imeondolewa," alisema taratibu. "Mahali pa kuachia pameondolewa."

"Na kama foleni ni tupu?"

"Mfumo hauna cha kudai, hakuna kinachoganda. Na Pumzisha..." Akagusa mstari mwingine kwa kidole. "Pumzisha inamaliza foleni. Inspekta, aliyeondoa mstari huu alijua kinachotokea. Akaona awafundishe wauguzi kukikwepa kuliko kutuambia sisi."

"Nani?"

"Mwenye neno la siri la mashine ile ni mtu mmoja tu."

Jumapili mchana Profesa aliitwa wodini, ati amalizie maelezo kuhusu ile rekodi kabla faili halijaenda mahakamani. Alikuta mezani wamesimama Inspekta, mhandisi mkuu, mwana wa marehemu, sista na mumewe. Vitanda vyote sita vilikuwa vimefungwa mapazia, na kwenye skrini namba sita za kijani zilikuwa zinapanda na kushuka.

"Ni jambo dogo tu," Inspekta alisema. Alizunguka nyuma ya kompyuta, akashika waya wa kitanda cha pili. "Nataka kuona ukichomolewa inakuwaje."

"Bonyeza Pumzisha kwanza."

"Kwa nini?"

"Ni utaratibu."

"Wa nani? Mkubwa wako hapa haujui."

Profesa alimtazama mhandisi mkuu, kisha mapazia. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo. Inspekta akakaza vidole kwenye waya.

"Usichomoe! Kuna wagonjwa mle!"

"Jumanne pia walikuwapo," Inspekta alisema, akachomoa.

Namba zote sita zilisimama. Pazia la kitanda cha pili likafunguka, akatoka koplo, kifua wazi, vipande vya plasta vimemganda na nyaya zinaning'inia, akatembea peku mpaka mezani. Nyuma ya mapazia mengine walikuwa askari wenzake, wagonjwa wote walihamishwa tangu asubuhi. Kwenye skrini kitanda cha pili kiliendelea kusema sabini na nane.

"Koplo huyu hapa," Inspekta alisema. "Moyo wake skrini inasema bado uko kitandani. Hivi ndivyo sista alivyoona Jumanne, na hivi ndivyo mzee alivyokufa. Kompyuta hii iliganda kabla ya saa kumi na dakika ishirini. Wewe ukaiwasha upya, ukaandika kwamba saa kumi na nusu shemeji yako alizima kengele. Sasa nitakuuliza mara moja tu. Kwa nini?"

Profesa alitafuta kiti, akakosa, akaegemea meza.

"Ukiiachia kufuli katikati," alisema kwa sauti ndogo, "ukirudi unakuta wengine wamepita, kila kitu kimebadilika. Inabidi uhakiki upya, kimoja kimoja. Kwenye majaribio mapigo yalikuwa yanachanganyika, kitanda hiki kinaonyesha cha kile. Wiki tatu watu wote wameshindwa. Mimi nikaondoa kuachia, yakatulia siku hiyo hiyo. Walinipigia makofi. Wakaanza kuniita Profesa hata kazini." Alimtazama mkubwa wake. "Nilipoifunga hapa ikaganda mbele yangu, nikiwa peke yangu. Ningerudi niseme nini? Nikaona wakibonyeza Pumzisha haitadhuru mtu."

"Na ule mstari?" mhandisi alimuuliza.

"Niliogopa. Nilidhani atapewa onyo tu. Amefanya kazi miaka ishirini, nilidhani watampa onyo."

Mwana wa marehemu alimrukia. Askari wawili wakamshika, na yeye akawa anapiga mateke hewani na kulia, anaita baba yake. Ilichukua muda kumtuliza. Alipotulia alimgeukia sista. Sista alimshika bega tu.

Kisha akamwendea shemejiye.

"Siku tano," alimwambia. "Siku tano unakula mezani kwangu. Nalia, wewe unanipa leso. Nakuuliza labda nilibonyeza kweli, wewe unaniambia usijilaumu."

"Nisamehe, shemeji."

"Nilianza kuamini nimeua mtu. Silali, naona vidole vyangu vinabonyeza. Ungeniambia usiku ule ule, ningekushika mkono tukaja wote polisi. Unajua kwamba ningekuja."

Alijua. Ndiyo maana hakuweza kumtazama.

Mume alisogea. "Mke wangu, ni damu yangu huyu. Nimebaki naye yeye tu. Labda tukizungumza na Inspekta..."

"Na yule mzee alikuwa damu ya nani?" sista aliuliza, na mwana wa marehemu alikuwa amesimama pale pale anasikia. Mume akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye viatu.

Koplo, shati limeshavaliwa upande, alianza kutoa vitu vya Profesa mifukoni na kuviweka mezani kabla ya pingu. Simu. Pochi. Leso nyingine, safi, imekunjwa. Ufunguo mmoja wenye kamba nyekundu.

"Huu wa wapi?" aliuliza.

"Wa nyumbani kwetu," sista alisema. "Kamba nilimfungia mimi, alipokuwa darasa la tatu, asiupoteze."

Inspekta alimtazama kidogo, kisha akausukuma ufunguo kuelekea kwake. Sista aliuchukua. Profesa aliinua macho kwa mara ya kwanza, akangoja.

"Kitasa sitabadilisha," sista alimwambia. "Chumba chako kitafagiwa. Lakini ufunguo nitakaa nao mimi. Siku utakayotoka, uje mlangoni upige hodi kama watu wengine, nami nitaamua kama nakwambia karibu."

Wakamtoa. Mume akafuata nyuma yao mpaka mlangoni, akasimama hapo, hajui aende upande gani.

Jumatatu faili lilipanda mahakamani likiwa na jina jingine. Sista alirudi wodini Jumatano. Mashine ilikuwa imeshatengenezwa, mhandisi mkuu mwenyewe alikesha nayo, na sasa ungeweza kuchomoa waya upendavyo. Wauguzi bado walibonyeza Pumzisha kwanza. Sista hakubonyeza wala hakuitazama skrini. Alianza kitanda cha kwanza, akamshika mgonjwa mkono, akahesabu mapigo kwa vidole vyake, kisha akaenda cha pili. Kitanda cha tano kilikuwa na mzee mwingine.

"Mbona wanishika sana, binti?" mzee alimtania. "Kwani mashine imekufa?"

"Nyamaza, baba," sista alisema. "Nahesabu."